Stata Inayozunguka kwa Uvivu: Tafuta Umeme Unapopotelea Kabla ya Kushika Spana

Katika mashamba ya chai, mkonge na miwa, na katika viwanda vilivyo mbali na mji, bado yako magari ya zamani yanayotegemewa. Land Rover ya Series III, iliyotengenezwa tangu 1971 hadi 1985, ni mojawapo ya yanayojulikana sana. Pamoja nayo ziko Peugeot 404 na 504, na zile Volkswagen ndogo za mgongo wa mviringo. Magari haya yana sifa moja nzuri: mtu mwenye spana chache na subira anaweza kuyatengeneza bila mtambo wowote wa kisasa. Yana pia ugonjwa mmoja unaojirudia. Asubuhi dereva anazungusha ufunguo, stata inajivuta kama mtu aliyeamshwa usiku wa manane, inazungusha injini mara mbili tatu, kisha inanyamaza.

Hapo ndipo maneno huanza. Dereva anaambiwa kwamba ameiua stata. Vibarua wanaitwa kusukuma gari, wengine kabla hata ya kunywa chai. Stata inafunguliwa, inapelekwa mjini, inarudi na bili, inafungwa, na wiki ya pili gari linajivuta vile vile. Sababu ni kwamba katika magari ya umri huu, mara nyingi stata yenyewe ni nzima. Kilicho kibovu ni njia inayoleta umeme kwenye stata, na njia hiyo inaweza kupimwa kwa dakika chache bila kufungua nati hata moja. Somo letu linahusu kipimo hicho.

Tutofautishe kwanza magonjwa matatu ambayo watu huyachanganya. Ikiwa stata inavuma kwa kasi lakini injini haizunguki, meno yake hayajashika flaiwili. Hilo ni jambo jingine. Ikiwa unasikia "ta!" mara moja na kimya, pengine solenoidi imeshtuka lakini umeme haukupita, au meno yamekwama. Sisi tunashughulika na ile inayozunguka, ila kwa uvivu.

USALAMA

Weka gia huru, vuta breki ya mkono, na weka mawe au vipande vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu. Vua pete na saa. Spana ikigusa ncha ya betri upande mmoja na pete yako upande mwingine, pete hugeuka moto mwekundu kwa sekunde chache, na kidole hakina muda wa kuponyoka. Usivute sigara wala kuwasha kibiriti karibu na betri, kwa maana betri inayochajiwa hutoa hidrojeni, nayo hulipuka. Tindikali ikiingia machoni, osha kwa maji mengi safi kwa muda usiopungua dakika 15, huku mwenzako akitafuta gari la kwenda hospitali.

Unapotoa nyaya za betri, toa kwanza ule unaokwenda kwenye bodi na chesi, ambao mafundi huuita ethi. Unaporudisha, uwe wa mwisho. Katika magari mengi ethi ni ncha hasi. Lakini magari mengi ya Kiingereza yaliyotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yalifungwa kinyume, ncha chanya ndiyo ikaenda kwenye bodi. Angalia kwanza, usikisie.

Na hili tunalisema kwa mkazo kwa ajili ya wenzetu wanaofanya kazi na matrekta pia: usiunganishe ncha za stata kwa bisibisi huku umesimama kati ya magurudumu. Mtindo huo umeua watu wengi mashambani katika nchi nyingi. Trekta iko kwenye gia, hakuna mtu kwenye kiti, stata inashika, injini inawaka, na gurudumu la nyuma linampitia aliyesimama. Msimamizi akikuamuru uwashe namna hiyo ili kuwahi zamu, hiyo ni kazi ya hatari, na ni haki yako kumwita mjumbe wa Chama kabla ya kuigusa.

KWA NINI TAA HUDANGANYA

Utamsikia mtu akisema, "Betri ni nzima, waya ni mzima, tazama taa zinavyowaka!" Hapa ndipo wengi hupotea, basi tuende polepole.

Taa kubwa moja ya wati 60 katika gari la volti 12 hutumia umeme wa ampea 5 tu. Stata ya gari dogo la petroli, wakati inazungusha injini, huvuta ampea 150 au zaidi. Ya dizeli huvuta zaidi ya hapo. Sasa chukua kiungo kimoja kilichoshika kutu, chenye ukinzani mdogo kabisa wa sehemu 2 katika 100 za omu moja, yaani 0.02. Umeme unapopita kwenye ukinzani, volti zinazopotea ni ampea mara omu. Kwa taa: 5 mara 0.02 ni volti 0.1. Jicho haliwezi kuona upungufu huo. Kwa stata: 150 mara 0.02 ni volti 3 nzima. Betri inapovuta mzigo huo volti zake hushuka hadi kama 10 au 11. Ukitoa 3, stata inabaki na 7 au 8. Lazima izembee. Na zile volti 3 hazikupotea bure: zimegeuka kuwa joto la wati 450 kwenye kiungo kile kimoja. Joto hilo linatosha kuchemsha maji ya chai.

Ni sawa na bomba la maji lililozibwa nusu. Ukifungua kidogo ujaze kikombe, huoni tofauti. Ukitaka kumwagilia shamba zima, ndipo unajua bomba limeziba. Kwa hiyo, njia ya stata lazima ipimwe wakati stata inafanya kazi. Mita iliyowekwa kwenye waya uliolala haikuambii kitu.

BETRI NDIYO YA KWANZA

Mita ndogo ya kupimia volti siku hizi si ghali, na tawi la Chama linaweza kununua moja ikatumiwa na wote. Pima betri asubuhi, kabla gari halijawashwa. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki robo tatu hivi, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo. Kuanza kupima stata kwa betri ya nusu ni kupoteza wakati. Ichaji kwanza, na ujiulize kwa nini haikujaa: mkanda wa dinamo umelegea? Altaneta haichaji? Gari hutembea mwendo mfupi tu kati ya shamba na ghala?

Kama betri yako ina vifuniko, tumia haidromita na upime kila chumba. Usishikilie namba moja, kwa sababu betri za nchi za joto pengine hujazwa tindikali nyepesi kuliko zile za nchi za baridi. La muhimu ni kulinganisha chumba na chumba. Vitano vikikaribiana na kimoja kikawa chini sana, kwa mfano 1.25 na kimoja 1.19, chumba hicho kinakufa, na betri nzima pamoja nacho.

Wenzetu wa nyanda za juu, kama Kericho, Mufindi au Fort Portal, wanajua kwamba ugonjwa huu huonekana zaidi alfajiri. Baridi hupunguza nguvu ya betri, na wakati huo huo oili ya injini huwa nzito. Betri iliyochoka ikishushwa kwenye joto la pwani inaweza kuonekana imepona.

KIPIMO CHENYEWE

Zuia injini isiwake: kwa petroli, toa waya mwembamba wa koili, kwa dizeli, vuta kizimio. Mwombe mwenzako azungushe ufunguo kwa sekunde 5 hadi 10, si zaidi, kisha aipumzishe stata dakika moja au mbili. Stata haikutengenezwa kufanya kazi mfululizo. Ukiing'ang'aniza itaungua kweli, na lawama itakuwa na haki.

Kwanza weka ncha mbili za mita juu ya vichwa vya risasi vya betri, si juu ya vibanio vya waya. Soma wakati stata inazunguka. Hapa pana njia panda, na ndiyo kiini cha somo zima. Ikiwa volti zinaporomoka chini ya 9.6, basi ama betri haina nguvu, ama stata inavuta umeme kupita kiasi kwa sababu kitu kinaikaba. Azima betri nyingine unayoiamini ili ujue ni lipi kati ya hayo mawili. Lakini ikiwa volti zinabaki juu, 11 au zaidi, na stata bado inajivuta, maana yake umeme haufiki. Betri inataka kutoa lakini njia imezibwa. Ikisoma katikati ya hapo, bado endelea kupima njia, kwa maana kiungo kibovu hakizuiliki kuwako pamoja na betri nzuri.

Basi fuata njia. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha betri kile ambacho hakiendi kwenye bodi, na nyingine kwenye bolti ya stata panapoingia waya mnene. Stata ikiwa imelala, mita inaweza kusoma volti zote za betri, usishtuke. Mwenzako azungushe. Sasa mita inaonyesha volti zinazopotea njiani upande huo. Zisizidi 0.5. Zikizidi, sogeza ncha za mita kipande kwa kipande: kichwa cha betri na kibanio chake; kibanio na bolti ya kwanza ya solenoidi; bolti ya kwanza na ya pili ya solenoidi; kutoka hapo hadi kwenye stata. Utapata kipande kimoja kinachokula volti kuliko vyote. Kichwa na kibanio chake vinapaswa kusoma karibu sifuri, na ukikuta hata volti 0.3 kati ya vitu viwili vinavyogusana, hapo pana uchafu.

Solenoidi huwa na sahani ya shaba ndani inayounganisha bolti mbili. Kila mara inapofunga hutoa cheche, na baada ya miaka mingi sahani huungua ikawa na mashimo. Ikipoteza zaidi ya volti 0.3 hivi, ni ya kubadilishwa. Katika Land Rover nyingi za petroli hukaa peke yake, mbali na stata, na kuibadilisha ni kazi ya nusu saa.

Kisha upande wa kurudia, ambao husahauliwa na wengi. Ncha moja ya mita kwenye kichwa cha ethi cha betri, nyingine kwenye bodi ya stata yenyewe, mahali palipokwanguliwa hadi chuma king'ae. Zungusha. Ikisoma chini ya 0.3 ni vizuri. Ikisoma volti 1 au 2, umempata mwizi.

MWIZI HUYU NI NANI

Injini imekaa juu ya mipira ili isitikise gari. Mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo watengenezaji waliweka mkanda wa nyaya zilizosukwa, kutoka injini au gia boksi kwenda kwenye chesi. Mkanda huo uko chini, unapigwa na matope, oili na maji ya mito. Nyuzi zake hukatika moja moja. Au fundi fulani alishusha gia boksi miaka kumi iliyopita na hakuurudisha.

Land Rover ina shida ya ziada: bodi ni ya aluminiamu na chesi ni ya chuma. Metali hizi mbili zikikutana penye unyevu huliana, na hufanya unga mweupe usiopitisha umeme vizuri. Chesi nayo hushika kutu chini ya kile kiungo cha waya, mahali ambapo rangi ya juu inaonekana nzima.

Mkanda ukikatika kabisa, umeme hutafuta njia nyingine ya kurudi: kupitia waya wa choki, waya wa akselereta, hata beringi za gia boksi. Kwa hiyo, ukikuta waya wa choki una joto baada ya kuzungusha stata, au plastiki yake imeyeyuka, usihangaike na mita. Nenda moja kwa moja kwenye ethi.

Dawa yake ni rahisi. Fungua kiungo, kwangua kwa msasa au brashi ya waya hadi pande zote mbili zing'ae, kaza kwa nati na washa ya meno, kisha paka grisi au vaselini juu kuzuia maji. Grisi iwekwe baada ya kukaza. Na ukinunua mkanda mpya, chukua ulio mnene. Waya mwembamba wa nyumbani hautafanya kazi hii hata ukiuzungusha mara tatu.

UKIKOSA MITA

Usikate tamaa. Washa taa kubwa, mwenzako azungushe stata, nawe utazame taa. Zikififia sana mpaka kuwa nyekundu, betri ni dhaifu au stata inakabwa. Zikibaki kali huku stata ikijivuta, umeme unazuiliwa njiani au ndani ya stata. Pili, baada ya kuzungusha sekunde 10, pitisha mkono kwenye kila kiungo: kile chenye joto ndicho kinachokula volti. Kiguse kwanza kwa uangalifu, kwani kinaweza kuunguza. Tatu, chukua waya mnene wa kuazimia umeme, funga upande mmoja kwenye kichwa cha ethi cha betri na mwingine kwenye chuma kitupu cha injini. Stata ikiamka mara moja na kuzunguka kwa nguvu, ethi ndiyo mbovu, na umeokoa safari ya mjini.

NJIA IKIWA SAFI

Tuseme betri ni nzuri na njia haipotezi kitu, lakini uvivu uko pale pale. Usiifungue stata bado. Jaribu injini. Toa plagi zote na uizungushe kwa hendeli. Bila plagi inapaswa kwenda kwa ulaini. Ikiwa nzito, legeza mkanda wa feni ujue kama dinamo au pampu ya maji ndiyo imeshika. Hendeli ishikwe kwa vidole vyote, pamoja na gumba, upande mmoja wa mpini, na uivute kuelekea juu. Injini ikirusha nyuma, mkono uponyoke badala ya kuvunjika.

Kwa petroli kuna jaribio zuri zaidi. Zungusha stata ukiwa umetoa waya wa koili, halafu urudishe na uzungushe tena. Ikiwa bila koili inakwenda mbio na ikiwa na koili inajivuta na kugutuka, taimingi iko mbele mno: plagi zinawasha petroli kabla pistoni haijafika juu, na stata inapigana na moto. Tatizo hapo ni distribyuta, na stata haina kosa.

Ikiwa hayo yote ni sawa, sasa fungua stata. Tazama kaboni, vile vipande vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Katika stata za Lucas za aina inayotumika kwenye Land Rover ya petroli, kaboni iliyobaki chini ya milimita 8 ni ya kubadilishwa, na ziwe zinateleza kwa ulaini ndani ya nyumba zake. Shaba wanayosugua juu yake isafishwe kwa kitambaa chenye petroli kidogo, ikishindikana kwa msasa wa glasi ulio laini. Usitumie msasa mweusi wa chuma, kwani unga wake unaweza kubaki kwenye mianya na kupitisha umeme. Wale waliozoea kukwangua mianya hiyo kwenye dinamo wasifanye hivyo kwenye stata, Lucas walikataza.

Mwisho tazama bushi za shaba kwenye ncha za amecha. Zikilika, amecha hushuka na kusugua kuta za ndani. Utaona alama zinazong'aa. Stata kama hiyo huvuta umeme mwingi na kupata moto, hasa injini ikiwa na joto. Bushi mpya ilowekwe kwenye oili safi ya injini kwa saa 24 kabla ya kufungwa, kwa sababu ina vitundu vinavyohifadhi oili. Katika Volkswagen nyingi za zamani, bushi moja haiko kwenye stata bali kwenye ganda la gia boksi. Mtu hununua stata mpya, akaacha bushi iliyokwisha, akashangaa kwamba ugonjwa haukuhama.

KUANDIKA VIPIMO

Ukimaliza, pima tena vile vile ulivyopima mwanzo, na uandike kwenye daftari la gari: tarehe, volti za betri iliyolala, volti wakati wa kuzungusha, upotevu upande wa solenoidi, upotevu upande wa ethi, na ulichorekebisha. Dereva aweke saini, na nakala akae nayo mjumbe wa Chama.

Karatasi hiyo ina kazi zaidi ya ufundi. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema katika kifungu cha 8 kwamba mshahara usikatwe ila kwa masharti yaliyowekwa na sheria za nchi, mapatano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Dereva akikatwa fedha ya stata kwa neno la mtu tu, mjumbe atauliza: sheria gani, kifungu gani cha mapatano yetu, na kipimo gani kilichoonyesha kwamba yeye ndiye aliyeiharibu? Ukiwa na daftari linaloonyesha kwamba mkanda wa ethi ulipoteza volti 2.1 na baada ya kusafishwa ukapoteza 0.2, mazungumzo na meneja huwa mafupi. Kwa gari ambalo bado ni zima, chukua vipimo hivyo sasa, ili mjue linavyosoma likiwa na afya.